Fenoli Haiumi

Mume wangu alitutoka siku ya Jumatatu, siku ya kuyeyusha, na neno la mwisho aliloniambia akiwa na akili zake timamu ni "haiumi". Sijalitia chumvi. Nilimuuliza, akanijibu hivyo, akacheka kidogo, akanigeuzia mgongo na kuendelea na kazi. Kabla ya chai ya asubuhi alikuwa maiti.

Watu wameshaanza kulisimulia jambo hili kwa namna zao. Huyu anasema moyo, yule anasema mkwe. Ukiambiwa kitu mara nyingi unaweza kukiamini hata kama ulikuwepo mwenyewe, ndiyo maana naandika.

Tulikuwa tunafanya kazi pamoja kwenye kiwanda kidogo cha dawa za kusafishia. Kina vyumba vitatu vilivyoungana kwa milango kama mabehewa. Cha kwanza ni cha kuyeyushia na kuchanganyia, alikokuwa yeye. Cha katikati ni cha kujazia chupa na kubandika lebo, kilichokuwa changu. Cha mwisho ni cha kuoshea chupa, na humo tu ndimo lilimo bomba kubwa lenye mpira mrefu wa maji. Humo alifanya kazi mama yangu mzazi.

Kazi yetu yote inatokana na kitu kimoja, fenoli. Huja kwenye mapipa ya chuma ikiwa imeganda, nyeupe kama chumvi ya mawe, na harufu yake ni tamu lakini inakwaruza koo. Pipa linatumbukizwa kwenye tangi la maji ya moto, dawa inayeyuka, halafu inavutwa kwa mpira hadi kwenye mitungi. Ikichanganywa na sabuni na maji mengi inakuwa dawa ya kudekia vyoo na wodi za hospitali. Kidogo chake kwenye mche wa sabuni kinatoa ile sabuni nyekundu ya wenye vipele. Tone lake kwenye glisarini ni dawa ya masikio ya watoto, na hilo hilo kwenye maji ni dawa ya kusukutua koo. Nilipokuwa sekondari mwalimu wa kemia alichora ubaoni pete ya pembe sita, akaitundikia kitu kidogo pembeni, akasema kutokana na hii watu wamepata hadi vidonge vya kutuliza kichwa. Nilinakili vizuri. Hakutuambia kwamba inaua, au labda alisema nikawa naangalia dirishani.

Mtu anayeyeyusha tunamwita Mpishi. Hivyo ndivyo mume wangu alivyoitwa na kila mtu, hata na mimi siku nikiwa nimekasirika. Yeye aliniita Lebo.

Asidi nyingine zikikugusa unapiga kelele. Fenoli inanyamaza. Inapokudondokea ngozi hugeuka nyeupe kama imepakwa chokaa, kisha inakufa ganzi. Kiwandani alama hiyo nyeupe inaitwa busu. Mgeni akipata busu lake la kwanza anapigiwa makofi, na waliomtangulia wanamwambia kwamba sasa amekuwa mtu wa nyumbani. Mume wangu alikuwa na mabusu mikono yote miwili. Hata jino likimsumbua alichovya kijiti akagusa, jino likatulia. Aliiamini dawa ile kama mtu anavyomwamini mbwa wake mwenyewe.

Jumatatu hiyo mpira ulichomoka kwenye pipa. Nilisikia mlio, kisha sauti ya Dereva, ambaye huwa hakosi la kusema: "Jamani, Mpishi kajimwagia mchuzi!"

Nilikwenda mbio. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, suruali imemganda mwilini kuanzia kiunoni hadi magotini, anajipangusa kwa kile kitambaa chenye maji alichokuwa anakiweka begani siku zote.

"Imekumwagikia yote?"

"Kidogo tu."

"Kidogo gani, na suruali imelowa hivyo?"

"Haiumi, Lebo. Rudi kwenye chupa zako. Hii ikiganda kwenye mpira nitaanza upya."

"Si uvue basi, uoshe."

Akatupa jicho upande wa chumba cha mwisho. Mlango ulikuwa wazi na mama alikuwa ameinamia karai, anaimba chinichini kama kawaida yake.

"Haiumi," akasema tena.

Nilirudi kwenye meza yangu. Sijui nilijaza chupa ngapi. Nilichosikia baadaye ni Dereva akisema, safari hii bila utani, "We Mpishi, mbona unayumba? Kaa chini, bwana. Kaa!" Nilipofika alikuwa ameshakaa sakafuni, ameegemea pipa, jasho linamtiririka na mwili umekuwa wa baridi. Aliniangalia asinijue.

Tulimpakia kwenye gari la kusambazia bidhaa, tukamlaza juu ya makatoni yetu wenyewe. Mwili ulianza kumtetemeka njiani. Hospitalini walimkimbiza ndani, mimi nikabaki kwenye korido, na mwanamke mmoja alikuwa anadeki. Alifika miguuni pangu akaniambia, "Inua mguu, dada." Nikainua. Harufu ilinipanda puani. Ilikuwa dawa yetu. Ndoo yake ilikuwa na lebo niliyoibandika mimi.

Ndipo daktari akatoka, akavua glovu na kunikalisha kwenye benchi. Alikuwa kijana, na alizungumza taratibu.

"Baada ya kumwagikiwa alivuliwa nguo?"

"Hapana."

"Alioshwa?"

"Alijipangusa."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa cha maji."

Alifumba macho kidogo. Kisha akanieleza, nami nikasikia kila neno, kwa sababu siku kama hiyo masikio huwa yanafanya kazi kuliko kawaida. Alisema fenoli ikiua hisia za ngozi inapita humo humo hadi kwenye damu, na damu inaipeleka moyoni. Alisema maji kidogo yanaitandaza tu na kuisaidia kuingia. Inatakiwa nguo zitoke hapo hapo, na maji yawe mengi, yatiririke kwa muda mrefu.

"Au hata glisarini," akasema. "Mngekuwa na glisarini mkampaka kwa wingi, ingesaidia kuitoa."

Mtungi mzima wa glisarini ulikuwa juu ya meza yangu. Mikono yangu ilikuwa bado inateleza kwa sababu yake.

Sasa lazima niseme kuhusu mama, kwa sababu bila hilo mtu hatanielewa.

Mama ndiye aliyetangulia kiwandani. Mimi niliingizwa na yeye nilipomaliza shule, na Mpishi nilimkuta huko. Wakati huo alikuwa kijana wa watu tu, na mama alimpenda kwa utani wake. Akimwagikiwa, hata tone la ukubwa wa ukucha, alikimbilia chumba cha chupa huku anavua shati, na mama alikuwa tayari ameshika mpira. "Njoo hapa, chupa mbovu wewe!" alimwambia, akamrushia maji mwili mzima mpaka kijana akapiga mayowe na sisi wengine tukaacha kazi kucheka. Siku moja ilimwingia kwenye suruali. Mama akamwamuru, "Vua! Nimezaa wanaume, unafikiri una kipya gani?" Akavua, akaoshwa, akavaa gunia mpaka jioni.

Halafu akanioa.

Hakuna aliyemwambia kitu. Wiki tu baada ya harusi alikuwa anamsalimia mama kutoka nje ya mlango, kofia mkononi. "Shikamoo, mkwe." "Marahaba, baba." Mama aliacha kumwita chupa mbovu, naye akaacha kuingia chumba kile kabisa mama akiwemo. Akitaka maji alinituma mimi. Dereva alipata mtaji mpya wa utani: "Mpishi, mkweo anapita, funga vifungo!" Na wiki hiyo hiyo ndipo kitambaa chenye maji kilipoanza kukaa begani kwake. Nilimuona nacho kila siku, na nilikifua mwenyewe, nikakiona kama heshima. Nilikuwa naringa nacho. Ndoa yetu ndiyo iliyomfungia bomba.

Msiba ulipokuwa bado umejaa watu, Bosi, mwenye kiwanda, alikuja na shati jeupe, akakaa na wanaume, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Ni moyo huo. Mtu mzima, mzima wa afya, ghafla tu. Ni moyo." Watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha akamwita pembeni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Tumemlea sisi tangu akiwa mdogo, na sasa ni mwanamume mwenye ndevu. Waliporudi, shemeji hakunitazama usoni.

"Amekuambia nini?" nilimuuliza jioni.

"Nafasi ya kaka. Anataka mtu anayemjua."

"Ukamjibu?"

"Shemeji, nimekaa bila kazi mpaka majirani wamenizoea kama mti. Unataka nimjibu nini?"

Sikumlaumu. Lakini nilijiambia kwamba huyu naye hatakufa kwa sababu ya umbali wa mlango mmoja. Kama lazima ayeyushe, ayeyushe bomba likiwa pembeni yake. Baada ya hapo sikutaka kitu kingine chochote, wala pole ya mtu.

Matanga yalipokwisha nilikwenda ofisini kwa Bosi. Alinikaribisha kiti na kunizimia redio.

"Nataka bomba moja kwenye chumba cha kuyeyushia," nilimwambia. "Na mtu akimwagikiwa avuliwe nguo hapo hapo aoshwe, hata kama mkuu wa nchi amesimama mlangoni."

"Bomba lipo, mama."

"Lipo kwa chupa."

"Kwani toka pale mpaka chumba cha chupa ni safari ya kubeba mkoba? Angekimbia tu."

"Asingeweza."

"Asiweze kwa nini? Miguu si alikuwa nayo?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote niliyoandika hapa, toka mama alipokuwa anamwagia maji kijana wa watu, mpaka kofia mkononi, mpaka kitambaa begani, mpaka lile jicho alilolitupa upande wa mlango. Nilidhani nikieleza vizuri ataona mahali bomba linapotakiwa kukaa. Niliongea kwa utaratibu, kama mtu anayejibu swali la mtihani.

Bosi aliegemea nyuma. Uso wake ukafunguka.

"Kumbe!" akasema. "Sasa mbona hamkuniambia mapema kwamba mnafanya kazi mkwe na mkwe?"

"Kila mtu anajua. Harusini ulikuja."

"Nilikuja kula, mama. Sikuja kupanga ukoo wenu." Alisimama, akanisindikiza mpaka mlangoni kwa upole kabisa. "Nitalishughulikia. Umefanya vizuri kuniambia."

Nilitoka nikiwa na nafuu, na leo nikikumbuka nafuu ile nataka kuitapika.

Kesho yake sikuona fundi bomba. Bosi alitukusanya uani kabla ya kazi. Alisema kuanzia siku hiyo ni mwiko mtu na mkwe wake kufanya kazi chini ya paa moja. "Tumempoteza mwenzetu kwa sababu ya aibu ya ukwe," alisema. "Kijana alikuwa anayaona maji, akashindwa kuyafikia. Sitaki litokee tena." Kisha akamgeukia mama, mbele ya watu wote, akamwambia apumzike, amefanya kazi ya kutosha, aende nyumbani na heshima zake.

Mama alikuwa amevaa aproni ya mpira. Aliivua, akaitungika kwenye msumari wake, akatoka getini bila mkoba. Dereva ndiye aliyemkimbilia nao.

Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imeshafika mtaani kwetu kabla yangu. Muuza duka alinipa pole mpya, tofauti na ile ya mwanzo. "Kumbe ni mama mkwe ndiye aliyemzuia maji?" Nilisema hapana. Akasema, "Basi, lakini si alikuwa amekaa palepale?" Jirani mmoja alikuwa na yake, kwamba Mpishi aligonga mlango na mama akakataa kufungua. Mlango huo haujawahi kuwa na kitasa.

Nilimkuta mama nyumbani kwake anakunja nguo na kuzipanga kwenye begi.

"Ulimwambia nini yule bwana?"

"Ukweli, mama."

"Upi?"

"Kwamba hakuja bombani kwa sababu wewe ulikuwepo."

Alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilimwosha mimi miaka yote ile," akasema. "Halafu mkaoana, akaanza kunisalimia kama mimi ni kaburi. Unafikiri sikukosa utani wake? Lakini mkwe ni mkwe, nikajikaza. Sasa siku hiyo angeniita tu. Angesema, mkwe, geuka. Ningegeuka. Ningefumba macho. Ningejifunika ndoo kichwani, mwanangu, nikamshikia mpira hivyo hivyo bila kuona."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungesema bomba, ukaniacha mimi nje."

"Nilisema bomba, mama. Nilianza na bomba."

"Lakini alichosikia ni mimi. Bomba lina kazi ya fundi. Mimi kunitoa ni neno tu."

Nilitaka kumshika mkono. Aliutumia kufunga zipu ya begi.

"Nenda ukawaambie sikumzuia," alisema.

Nimewaambia. Nimewaambia dukani, kazini, hata kanisani na kwa majirani wa msikitini. Wananisikiliza kwa huruma. Mtoto kumtetea mama yake ni jambo zuri, wanasema. Hakuna anayeniuliza bomba liko wapi.

Shemeji alipewa ovaroli ya kaka yake, mikono ikawa mifupi. Nilimzuia kizingitini asubuhi aliyotakiwa kuanza.

"Bomba kwanza."

"Shemeji, Bosi anasema tatizo limeshaondolewa."

"Limeondolewa? Liko kwa dada yangu, linalala kwenye godoro la wageni."

"Mimi pale sina mkwe. Hata mke sina."

"Anayeosha chupa sasa ni nani?"

"Ni binti mmoja tu. Mgeni."

"Ikikumwagikia kiunoni, utavua suruali mbele ya binti mgeni?"

Akacheka, akajikuna shingo. "Nitajua huko huko."

"Sema ndiyo au hapana."

Alikuwa amesimama na ndevu zake, ameinamisha kichwa, na ilikuwa wazi kwamba huyu naye angejificha nyuma ya mlango na kitambaa. Aibu haikuwa ya mkwe peke yake. Ungewafukuza wakwe wa mji mzima, mwanaume wetu bado angesema haiumi.

"Na mbele yangu?" nilimuuliza.

"Shemeji, jamani!"

"Nijibu."

"Wewe..." Akavuta ndevu zake. "Wewe ulinipaka losheni ya tetekuwanga mwili mzima, nalia. Kwako nishaaibika zamani."

Siku hiyo hiyo niliomba nihamishiwe chumba cha chupa. Bosi alishangaa, kwa sababu ni kazi ya chini kuliko lebo, na mikono inachubuka. Aliniuliza kama ni uchungu wa msiba. Nilisema ndiyo, ili asiniulize jingine. Binti akapewa meza yangu, akafurahi.

Nimemfundisha shemeji neno moja. Asiniambie inauma au haiumi. Aseme tu, "Imenigusa," na aanze kuvua huku anakuja. Tumefanya mazoezi, Dereva akatucheka mpaka akashika ukuta, halafu akaacha kucheka, akasema, "Tena. Umechelewa kwenye mkanda." Binti naye anajua mtungi wa glisarini ulipo. Busu la kwanza la shemeji lilipomtokea kwenye kifundo cha mkono, wengine walianza kupiga makofi. Nilimrushia maji mpaka wakalowa wote, na hakuna aliyecheka.

Fundi bomba alikuja siku moja tu, akapima ukuta kwa utepe, akasema atarudi. Shemeji anayeyusha kila Jumatatu, na mimi naosha chupa mlango ukiwa wazi. Mama anaishi kwa dada yangu. Nikipiga simu anapokea dada, anasema mama amelala.